Namna ya Kumtambua Mnyama Mdogo wa Porini Usiyemfahamu

Katika vijiji vya Tabora vilivyozungukwa na miombo, mnyama mdogo mgeni hufika bila taarifa. Anakutwa alfajiri ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, anamulikwa na taa ya pikipiki kwenye njia ya Sikonge, anatumbukia katika shimo la choo kipya, au analetwa na watoto akiwa ndani ya kopo la rangi lililofunikwa kwa kipande cha bati. Watu hukusanyika, na kabla mnyama mwenyewe hajatazamwa vizuri, jina limekwisha kutajwa. Mmoja husema ni kicheche, mwingine husema ni nguchiro, wa tatu husema ni panya tu, na kuanzia hapo kila mmoja huona kwa mnyama huyo yale yanayolingana na jina alilolisikia. Nimeyashuhudia hayo mara nyingi, na mimi mwenyewe nimeyafanya, kwa hiyo maelekezo yote yaliyomo humu yamejengwa juu ya jambo moja: jina liwekwe mwishoni, na mwili wa mnyama uanze kusomwa kwanza.

Sababu ya kulisisitiza jambo hili ni kwamba majina yetu ya kila siku hayagawanyi wanyama kwa namna moja. Neno nguchiro hubeba wanyama kadhaa walio tofauti kwa ukubwa, kwa mwenendo na kwa saa za kutembea, na neno panya hutumika hata kwa viumbe wasio na undugu wowote na panya. Majina ya Kinyamwezi na ya Kiha wanayoyatumia wazee mara nyingine ni mahsusi zaidi kuliko yale ya Kiswahili, na ni vyema yaandikwe kama yalivyotamkwa, pamoja na kijiji lilikosikika jina hilo. Hata hivyo jina la mzee nalo ni ushahidi mmoja tu miongoni mwa mengine. Halichukui nafasi ya kuhesabu vidole.

Kabla ya kumsogelea

Mnyama wa porini anayekuruhusu umkaribie mchana kweupe bila kukimbia asidhaniwe kuwa ni mpole. Huenda ni mgonjwa, huenda amejeruhiwa, au ni mtoto ambaye mama yake yuko karibu. Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, kinaweza kumpata mamalia yeyote, na wanyama walao nyama kama vile nguchiro na bweha wanaweza kukiambukiza kwa kuuma au kwa mate yao kugusa jeraha. Kwa hiyo usimshike kwa mkono mtupu, usimruhusu mtoto amguse, na mfunge mbwa wako. Akikuuma au akikuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ili upewe ushauri wa chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Usisubiri mpaka umjue mnyama ni nani ndipo uende, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona.

Usimuue ili umtambue. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwaua, kuwakamata au kuwamiliki wanyamapori bila kibali, na udogo wa mnyama haumtoi katika ulinzi huo. Zaidi ya sheria, iko sababu ya kazi yenyewe: mnyama aliyepigwa rungu kichwani amepotezewa pua, meno na masikio, yaani vitu vile vile ambavyo vingekwambia ni nani. Nimewahi kuletewa mzoga wa namna hiyo nikaulizwa jina lake, nami sikuwa na la kusema zaidi ya rangi ya mgongo, na rangi ya mgongo ndiyo alama dhaifu kuliko zote. Manyoya hubadilika kwa umri, kwa vumbi la udongo mwekundu, kwa kulowa na hata kwa mwanga wa tochi.

Dakika ya kwanza

Mara nyingi utakuwa na muda mfupi sana, labda wa kuvuta pumzi mara tatu, na katika muda huo usihangaike kutafuta simu. Tazama mambo manne: ukubwa, mwendo, mahali na saa. Ukubwa usikadiriwe hewani, kwa kuwa usiku kila mtu humwona mnyama kuwa mkubwa kuliko alivyo. Ukadirie kwa kitu kilicho kando yake, kama vile tofali la kuchoma, kisiki au ndoo, ambacho utaweza kukirudia na kukipima akishaondoka. Kisha jiulize alikuwa wa kimo cha panya wa nyumbani, cha sungura, au cha paka aliyekomaa. Vipimo hivyo vitatu vinatosha kuondoa nusu ya majina yatakayotajwa na majirani.

Mwendo husema mengi kuliko rangi. Kanu, yule mwembamba mwenye madoadoa mwilini na pete mkiani, hutembea akiwa chini chini, mwili umenyooka na mkia ukifuata nyuma kana kwamba ni kiumbe kimoja kirefu. Komba huruka kutoka tawi hadi tawi mwili ukiwa wima, na akishuka chini huweza kwenda kwa miruko ya miguu ya nyuma. Nguchiro hukimbia, husimama ghafla, huinuka kwa miguu miwili na kutazama nyuma. Kakakuona wa miombo hutembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, na mkia wake mzito humsaidia kujisawazisha; ukimwona mara moja tu hutamchanganya na kiumbe kingine chochote.

Nikumbuke hapa kosa langu mwenyewe. Usiku mmoja nilimulika mwembe nikaona macho mawili yakiwaka, na kwa kuwa wiki hiyo jirani alikuwa amepoteza kuku, niliandika katika daftari kuwa ni kanu. Usiku uliofuata nilimulika tena, nikamwona mnyama yule yule akiruka kwa umbali wa mita kadhaa na kutua wima kwenye tawi jingine. Kanu haruki hivyo. Alikuwa komba, na alama ilikuwa mbele yangu tangu usiku wa kwanza: macho makubwa, yanayotazama mbele yote mawili kama ya mtu, yenye mng'ao wa rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Jina la kanu lilikuwa limetoka kwenye banda la kuku la jirani, na hapakuwa na chochote mwembeni kilichoniambia hivyo.

Miguu ndiyo cheti cha kuzaliwa

Ikiwa mnyama amekufa barabarani, amenaswa mahali, au ameacha nyayo zinazosomeka, anza na miguu kabla ya kitu kingine chochote. Vaa glavu, au geuza mfuko mkononi, kisha hesabu vidole vya mguu wa mbele na vya nyuma kila kimoja peke yake. Wengi huhesabu mguu mmoja tu, na hapo ndipo wanapokosea.

Panya na jamaa zake, pamoja na kindi, kwa kawaida huonyesha vidole vinne mbele na vitano nyuma. Kirukanjia, ambaye kwa macho ya haraka ni panya mwenye pua iliyochongoka, ana vidole vitano mbele na vitano nyuma. Tofauti hiyo ya kidole kimoja ni ndogo, lakini inatenganisha koo mbili zilizo mbali sana: panya ana meno ya mbele yenye umbo la patasi kwa ajili ya kuguguna, na nyuma ya meno hayo kuna pengo tupu, wakati kirukanjia ana meno madogo yaliyochongoka kwa ajili ya kutafuna wadudu na hana pengo hilo. Kirukanjia aliyeingia ghalani hakufuata mahindi. Alifuata mende na wadudu wanaokula mahindi yako, na mtu anayemtegea sumu ya panya anamwondoa msaidizi wake.

Kalunguyeye wa kwetu ana vidole vitano mbele na vinne nyuma. Pimbi ana vinne mbele na vitatu nyuma, kucha zake ni butu mfano wa kwato ndogo, isipokuwa kidole cha ndani cha mguu wa nyuma chenye kucha ndefu ya kujichania manyoya, na nyayo zake ni laini na zenye unyevu, jambo linalomwezesha kupanda miamba inayoteleza. Mtu akikuambia kuwa pimbi ni panya mkubwa asiye na mkia, mwonyeshe miguu hiyo, kisha mweleze kwamba ndugu zake wa karibu zaidi walio hai ni tembo na nguva. Komba ana mikono hasa, yenye kidole gumba kinachoshika tawi na kucha bapa kama zetu, isipokuwa kidole cha pili cha mguu wa nyuma chenye ukucha uliochongoka.

Kwa wanyama walao nyama, tazama alama za kucha. Kimburu, ambaye ndiye paka wa porini, huficha kucha zake anapotembea, kwa hiyo unyayo wake ni wa mviringo, una vidole vinne na hauna vitundu mbele. Kanu naye huacha unyayo mdogo unaofanana na wa paka, mara nyingi bila alama za kucha. Nguchiro hafichi kucha. Vitundu vyake huonekana mbele ya vidole. Nyegere huzidi wote: kucha za miguu yake ya mbele ni ndefu sana, hata vitundu vyake huonekana mbali na vidole, kana kwamba mtu amechoma ardhi kwa uma. Wafugaji wa nyuki wa Tabora wanaufahamu unyayo huo chini ya miti waliyotundika mizinga, na kwa habari ya nyegere hakuna mwalimu bora kuliko wao.

Ikiwa ardhi ni ngumu, tengeneza ukurasa wa kusomea. Wakati wa magharibi mwaga majivu yaliyochekechwa, au mchanga mwembamba, kwenye njia unayodhani mnyama hupita, usawazishe kwa ubao, na urudi alfajiri kabla ya kuku na watoto. Weka kiberiti kando ya unyayo kabla ya kupiga picha, ili picha iwe na kipimo. Njia hii imenifaa kuliko kukesha, na haimsumbui mnyama hata kidogo.

Pua, mkia na miiba

Baada ya miguu, nenda kwenye pua. Ikiwa mnyama wa kimo cha panya ana pua ndefu inayonyumbuka na kuchezacheza kila upande kama mkonga, macho makubwa, masikio mapana na miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, basi si panya na wala si kirukanjia. Huyo ni sengi, ambaye wengine humwita sange. Jina hilo lenye asili ya Kibantu sasa linatumiwa na wataalamu wa mataifa mengine pia, baada ya kutambulika kwamba mnyama huyu hahusiani na panya wala kirukanjia, bali yumo katika ukoo mpana unaowakusanya pimbi, muhanga, nguva na tembo. Sengi wadogo wa nchi kavu hutembea sana mchana, na hutengeneza vijia vyembamba katika majani makavu ambavyo huvisafisha kwa miguu ili wapate kukimbia bila kikwazo. Ukiona kijia safi, chembamba kama upana wa kiganja, kinachotoka kichaka kimoja kwenda kingine, kaa mbali, utulie, na umsubiri. Ninakiri kwamba mnyama huyu ninampenda kuliko wengine wote wa msitu wetu, na huniuma kila ninapoona amepigwa kwa ufagio kwa kosa la kufanana na panya.

Mkia utazamwe kwa urefu, kwa unene na hasa kwenye ncha. Panya buku, yule mkubwa mwenye vifuko mashavuni, ana mkia mtupu wenye sehemu ya mwisho nyeupe, na mpaka kati ya weusi na weupe huonekana wazi. Ndiye panya anayefundishwa huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Ndezi, anayekaa kwenye matete na majani marefu, ana mkia mfupi na manyoya magumu kama brashi, na akiwa amekufa unaweza kuona mifereji kwenye meno yake ya juu. Kwa upande wa kanu, ncha ya mkia hutofautisha aina zake: wapo wenye ncha nyeupe na wapo wenye ncha nyeusi, kwa hiyo andika rangi ya ncha hata kama hujui itakusaidia nini kwa wakati huo.

Miiba huwachanganya watu zaidi ya inavyopaswa. Kalunguyeye ni mdogo, hutosha viganja viwili, miiba yake ni mifupi na yote inalingana, tumbo na uso vina manyoya laini meupe, na akitishwa hujikunja akawa mpira. Mtoto wa nungunungu naye ni mdogo na ana miiba, lakini hajikunji. Husimamisha miiba, hukanyagakanyaga ardhi na kugeuza mgongo, na uso wake ni butu kama wa panya mnene. Ukimkuta mtoto wa nungunungu, ondoka mahali hapo bila kukawia, kwa kuwa wazazi hawako mbali.

Wale wanaobadilishiwa majina

Kosa la kawaida kuliko yote katika mkoa wetu linahusu kicheche. Kila kuku anapopotea usiku hulaumiwa kicheche, na kila mnyama mrefu mwenye mkia hupewa jina lake. Kicheche halisi ni mweusi, ana mistari minne myeupe inayoanzia utosini hadi kwenye mkia, ana madoa meupe usoni, na mkia wake ni wa manyoya marefu yenye weupe mwingi. Akibanwa huinua mkia na kurusha majimaji yenye harufu kali isiyotoka nguoni kwa urahisi. Yupo jamaa yake mwembamba zaidi, mwenye miguu mifupi sana na mwili kama wa nyoka, ambaye utosi wake wote ni mweupe; huyo huonekana kwa nadra. Ikiwa uliyemwona alikuwa na madoadoa mwilini na pete mkiani, hakuwa kicheche, alikuwa kanu. Ikiwa alikuwa na madoa lakini ni mkubwa kama mbwa mdogo, kichwa ameinamisha chini, uso una kitambaa cheusi machoni, na nywele za mgongo zimesimama kama shungi, alikuwa fungo, ambaye wengine humwita ngawa. Kanu hupanda miti vizuri sana, na fungo ni mnyama wa kutembea chini.

Nguchiro wanahitaji uvumilivu zaidi. Ukiwaona wengi kwa pamoja mchana, angalia mgongo: wakiwa na mistari myeusi inayokata mgongo kutoka kiuno hadi mkiani, ni nguchiro wenye miraba, nao hutembea kwa makundi yanayoweza kuzidi 20, wakiwasiliana kwa sauti ndogo ndogo muda wote. Wakiwa wadogo sana, wa rangi moja ya kahawia, wakitoka na kuingia katika matundu ya kichuguu, ni nguchiro wadogo kuliko wote, ambao mmoja ana uzito wa gramu 300 hivi, nao ni miongoni mwa wanyama wadogo kabisa wa jamii ya walao nyama barani Afrika. Ukimwona mmoja peke yake mchana akivuka njia, mwembamba, mwenye ncha nyeusi ya mkia anayoiinua juu anapokimbia, huyo ni nguchiro mwembamba. Huyu ndiye anayestahili kushukiwa vifaranga wanapopotea adhuhuri, ingawa mwewe naye asisahauliwe. Anayetembea usiku, mkubwa karibu na kimo cha paka mnene, miguu yake mirefu na myeusi na mkia mweupe unaoonekana hata kwa mbalamwezi, ni nguchiro mkia mweupe. Nimewaeleza wote wanne kwa pamoja kwa sababu saa ya kuonekana na idadi yao hutosha kukupa jibu kabla hujafikiria rangi.

Kimburu na paka wa nyumbani aliyetoroka ni shida ya kweli, kwa kuwa huzaliana. Kimburu ana miguu mirefu, nyuma ya masikio yake kuna wekundu wa kutu, na mkia una pete nyeusi pamoja na ncha nyeusi. Mnyama mwenye mabaka meupe mwilini ana damu ya nyumbani, na hapo andika hivyo tu bila kulazimisha.

Kwa wakazi wa Kigoma wanaoishi karibu na ziwa, yupo fisi maji, ambaye akiogelea huonyesha kichwa tu na kuacha mkondo nyuma yake. Pwani ya mawe pia ina pimbi, na msituni yupo perere, jamaa ya pimbi anayekaa mitini, ambaye kwa kawaida husikika usiku kwa mlio wa kutisha unaopanda hatua kwa hatua, muda mrefu kabla hajaonekana.

Alama anazoacha

Mara nyingine mnyama hutamwona kabisa, na itakubidi usome alichokiacha. Kinyesi kikubwa kilichorundikwa mahali pamoja, chenye mbegu za matunda, majani na vipande vya magamba ya jongoo vyenye umbo la pete, ni cha fungo. Wanyama wachache sana hula jongoo kwa wingi namna hiyo. Kinyesi chenye vipande vya kaa na magamba ya samaki kwenye jiwe la ukingoni huelekeza kwa fisi maji. Michirizi myeupe kwenye mwamba, kana kwamba mtu amemwaga chokaa, ni mkojo wa pimbi uliokauka kwa miaka mingi. Kinyesi cha ndezi kina mfereji mmoja unaopita kwa urefu wake, na karibu nacho utaona vipande vya matete vilivyokatwa kwa usafi kama kwa kisu. Kinyesi usikiguse kwa mkono. Kipasue kwa kijiti.

Kuandika na kuuliza

Andika papo hapo, kabla ya kuzungumza na mtu yeyote, kwa sababu maelezo ya jirani huingia katika kumbukumbu yako na hutayatenganisha tena. Andika tarehe, saa, mahali kwa jina la kitongoji, aina ya mahali (shamba, miombo, mbuga, ukingo wa mto), hali ya hewa, na mambo uliyoyaona kwa mpangilio ulivyoyaona. Tenganisha uliyoyaona na unayoyadhani kwa mstari. Kwa mnyama aliyekufa pima mambo manne ambayo wataalamu wa mamalia huyapima popote: urefu wa kichwa na mwili, urefu wa mkia bila nywele za nchani, urefu wa wayo wa nyuma bila kucha, na urefu wa sikio. Piga picha ukiwa umechutama, kwa usawa wa mnyama, ubavu mzima kwanza, kisha miguu, kisha ncha ya mkia. Utafiti wa sokwe wa Gombe, ulioanza mwaka 1960 katika vilima hivyo vya Kigoma, ulianza kwa daftari na darubini, na wewe mwenye simu yenye kamera una zaidi ya hayo.

Ukishakuwa na maandishi na picha, muulize afisa wanyamapori wa wilaya yako, au peleka swali kwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, yenye makao makuu Arusha. Wapelekee maelezo yako bila kutanguliza jina ulilolidhani. Ikiwa mnyama ni kakakuona, usimbebe, usimzungushe kijijini wala usimwekee vitu ili atabiri mavuno. Toa taarifa na umlinde dhidi ya watu mpaka aondoke, kwa kuwa anatafutwa sana na wawindaji haramu kwa ajili ya magamba yake, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kabisa.

Usione haya kuandika jina la ukoo tu na kuacha nafasi ya aina. Wakulima wa mihogo wa Ujiji wamewafahamu fuko kwa vizazi vingi: vichuguu vya udongo laini vinavyoibuka shambani kwa mstari, meno ya mbele yanayotokeza nje ya midomo ili mnyama achimbe bila kumeza udongo, macho madogo kama punje na kichwa kisicho na masikio ya nje. Jina lao limeingia hata katika jina la kisayansi la kundi hilo, Fukomys. Hata hivyo ilikuwa mwaka 2017 tu ambapo wataalamu, baada ya kulinganisha vinasaba na kromosomu, walieleza kwamba fuko wa Ujiji ni spishi ya peke yake ambayo haikuwa imeandikwa popote, wakaipa jina la Livingstone. Kwa hiyo aliyeandika katika daftari lake miaka mingi kabla ya hapo, «fuko, shamba la mihogo, Ujiji, aina haijajulikana», pamoja na tarehe na kipimo cha wayo wa nyuma, alikuwa ameandika sawasawa kabisa.